GUNIA LINA STAKABADHI, MTU HANA?



Sisi ni wenye duka. Likishuka gunia moja la mchele katika gati ya Malindi, halitoki pale ila kwa karatasi. Karatasi ile husema gunia ni la nani, limetoka wapi, limepokewa siku gani, na ni nani aliyelipokea akatia sahihi yake. Likipotea gunia, twajua wa kumuuliza. Likitoboka, twajua lilitobokea mkononi mwa nani. Basi tunauliza, na tunataka wakubwa watujibu: kwa nini mtoto wa mtu akichukuliwa usiku na askari kanzu, mama yake hapewi hata kipande cha karatasi? Je, mwanadamu amekuwa duni kuliko mchele?

Swali hili si la mzaha. Tunasema juu ya watu wanaokamatwa kwa sababu wametetea haki za wenzao, au wametetea ardhi, bahari na misitu inayowalisha watu. Watu hawa hukamatwa katika kila pembe ya Afrika ya Mashariki, na khatari yao huzidi pale penye vita, au panaposemwa kuwa pana vita. Kwani neno "usalama" likishatamkwa, milango hufungwa, na anayeuliza naye hutiwa katika hesabu ya maadui. Na sisi tunasema kwamba kinga ya kwanza ya aliyekamatwa, kabla ya wakili na kabla ya hakimu, ni kujulikana kwamba amekamatwa, yuko wapi, na yuko mkononi mwa nani.

Tuanze na Lamu, ambako lugha ni hii yetu na bahari ni hii yetu. Serikali ya Kenya iliazimia kujenga huko bandari kubwa, na pia kituo cha kutoa umeme kwa makaa ya mawe. Wavuvi wakauliza: bahari ikichimbwa, samaki watazaa wapi? Mikoko ikikatwa, nani atairudisha? Hilo lilikuwa swali la mtu mwenye dema na ngalawa, wala hamkuwa na bunduki ndani yake. Lakini mwezi wa Juni 2014 Al-Shabaab waliishambulia Mpeketoni wakaua watu wengi, na baadaye jeshi likaingia katika msitu wa Boni. Tangu hapo aliyeuliza juu ya makaa ya mawe aliweza kuambiwa kwamba yeye ni mwenzao magaidi. Ripoti ya Human Rights Watch na jumuiya ya watetezi wa haki za binadamu ya Kenya, iliyotoka mwezi wa Disemba 2018, ilieleza yaliyowapata watetezi wasiopungua 35 wa Lamu: kutishwa, kupigwa, kukamatwa, kuzuiliwa mikutano yao, na kusingiziwa ugaidi.

Na mwisho wa shauri ulikuwaje? Tarehe 30 Aprili 2018, katika kesi iliyofunguliwa na Mohamed Ali Baadi na wenzake kwa ajili ya bandari ile, Mahakama Kuu ilitamka kwamba haki za watu wa Lamu zimevunjwa, ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi za Kenya 1.76 bilioni. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la kuhukumu mambo ya mazingira likafuta ruhusa ya kituo cha makaa ya mawe, kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa kama sheria inavyotaka. Basi wale walioitwa maadui wa maendeleo, sheria ya nchi yao wenyewe iliwakuta wana haki. Lakini hukumu haikumrudishia mtu usiku aliolala korokoroni.

Mombasa nako mambo yalikuwa hivyo hivyo. Mwezi wa Aprili 2015, baada ya wanafunzi kuuawa Garissa, serikali ya Kenya ilizitia jumuiya mbili za haki za binadamu, MUHURI na Haki Africa, katika orodha ya wanaoshukiwa kusaidia ugaidi, ikazifungia akaunti zao za benki. Mwezi wa Novemba mwaka huo huo Mahakama Kuu ikaamuru zifunguliwe. Kosa la jumuiya hizo lilikuwa nini? Zilikuwa zikiandika majina ya watu waliochukuliwa na hawakurudi. Aliyeshika daftari ndiye aliyeonekana khatari.

Sasa twende Kongo ya Mashariki, ambako vita si jina tu. Katika hifadhi ya Virunga alikuwako mlinzi mmoja, Rodrigue Mugaruka Katembo. Kampuni ya Kiingereza iitwayo SOCO ilikuwa ikitafuta mafuta ndani ya hifadhi hiyo, nayo ni mahali pa urithi wa dunia. Katembo alipinga, akakusanya ushahidi wa rushwa. Mwezi wa Septemba 2013 alikamatwa, akafungwa na kuteswa kwa siku 17. Mkubwa wake wa kazi, Emmanuel de Merode, alipigwa risasi njiani tarehe 15 Aprili 2014, akirudi kutoka Goma ambako alikuwa amepeleka ripoti juu ya kampuni hiyo kwa mwendesha mashtaka. Wote wawili walipona, na mwezi wa Juni 2014 kampuni ikakubali kuacha kutafuta mafuta Virunga. Walakini walinzi zaidi ya 200 wa hifadhi ile wamekwisha kuuawa katika miaka ya vita, na aghalabu yao hatujapata hata kuyasikia majina yao.

Tena pana jambo la Uganda, nalo linatugusa kuliko tunavyodhani. Kutoka Hoima mpaka Chongoleani, Tanga, umepangwa kupita mrija wa mafuta wa kilomita 1,443. Tanga inaelekeana na Pemba. Mafuta yakimwagika kule hayatauliza mpaka wa serikali, yatafuata maji. Mwezi wa Juni 2024 Stephen Kwikiriza, aliyekuwa akiandika madhara ya kazi za mafuta kwa wanavijiji wa Ziwa Albert, alichukuliwa Kampala. Siku tano baadaye alikutwa ametupwa kando ya barabara Kyenjojo, mbali kabisa, amepigwa. Katiba ya Uganda inasema aliyekamatwa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Ametupwa barabarani, hiyo ndiyo mahakama aliyofikishwa.

Na hapa hapa katika Jamhuri yetu ya Muungano, mwezi wa Juni 2022, serikali ilikwenda kuweka mipaka katika ardhi ya malisho Loliondo, na Wamasai wakakataa. Baadhi ya viongozi wao walikamatwa tarehe 9 Juni. Tarehe 10 Juni askari mmoja aliuawa, na kifo chake ni msiba kama kifo cha mtu ye yote. Lakini watu waliokuwa wamekwisha kutiwa ndani siku moja kabla walishtakiwa, pamoja na wengine, kwa kumuua! Walikaa jela mpaka mwezi wa Novemba, mashtaka yakafutwa. Lau kila mmoja wao angalipewa karatasi yenye siku na saa ya kukamatwa kwake, nani angalithubutu kuleta shtaka kama hilo?

Twajua wako wasomaji wetu watakaosema: "Haya ni mambo ya bara na ya watu wengine, sisi tuna yetu." Enyi ndugu, na tukumbuke yetu basi. Kuanzia Novemba 1997, baada ya uchaguzi mdogo wa Mkunazini, walikamatwa watu 18 wa Chama cha Wananchi, CUF, wakashtakiwa kwa uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Walikaa jela ya mjini hapa miaka mitatu, na kesi inapigwa kalenda. Mwezi wa Novemba 2000 wakaachiwa, na mwezi huo huo Mahakama ya Rufaa ikatamka kwamba uhaini hauwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Zanzibar, kwa kuwa Zanzibar si dola kwa peke yake. Tulifurahi kwa watu wetu, na tukameza machungu kwa nchi yetu. Lakini katika miaka ile mitatu ni nani waliowataja? Walitajwa na Amnesty International kule London, na watu wasioijua Mkunazini iko wapi waliandika barua kuulizia hali zao. Je, wale wangalisema "haya ni mambo ya watu wengine", tungaliwaonaje?

Na masheikh wa Uamsho je? Sheikh Farid Hadi Ahmed alitoweka mwezi wa Oktoba 2012, mji ukachafuka. Akarudi akasema alikuwa ameshikwa. Baadaye yeye na Sheikh Mselem Ali Mselem na wenzao walishtakiwa kwa ugaidi, wakavushwa bahari kupelekwa Dar es Salaam, na huko wakakaa mpaka mwezi wa Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoyafuta mashtaka. Wako kati yetu waliokubaliana nao na wako waliokhitilafiana nao, lakini hilo halina uzito hapa. Mtoto aliyezaliwa baba yake alipokamatwa alikuwa amekwisha kuingia skuli alipomwona mlangoni. Na kumvusha mtu bahari ni namna ya kumpoteza: mama hana nauli ya boti kila wiki, wakili hana nafasi, majirani huchoka kuuliza.

Kupoteza kwenyewe kunavyokwenda sisi tumekuona kwa macho. Baada ya uchaguzi mmoja, kijana aliyekuwa akitubebea mizigo ya duka alichukuliwa alfajiri akitoka msikitini. Mama yake alikuja kwetu, kwa kuwa sisi tuna simu na twajua kusema na watu wa ofisini. Tulikwenda vituo vitatu, hatuvitaji. Kila kimoja kilifungua daftari, kikatuonyesha kwamba jina halimo. "Hayupo hapa." Siku ya nne akaja dukani mtu mmoja tusiyemjua, akanunua boflo, kisha akasema kwa sauti ndogo: "Kijana wenu nimemwacha ndani ya kituo fulani, chumba cha nyuma. Ameniambia nipite hapa niseme." Tulirudi katika kituo kile kile tulichokwisha kujibiwa, tukataja chumba. Jawabu likageuka: "Yupo." Jioni ile alipewa maji na dawa, na baada ya siku mbili akatoka, mkono umevimba mpaka kiwiko. Hakuna aliyetuonea huruma pale. Kilichobadilika ni kwamba tulijua, na wao walijua kwamba tumejua.

Tuliposoma chuoni tulifundishwa kisa cha Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Alimwambia mfungwa mwenzake aliyekuwa akitoka: nenda ukanitaje kwa bwana wako. Yule akatoka, akasahau, na Yusuf akakaa gerezani miaka. Mtume wa Mungu, mtu asiye na kosa, alikaa miaka kwa sababu mtu mmoja hakumtaja! Na mwalimu wetu hakuacha kutukumbusha kwamba aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kurani ni aya ya kuandikiana deni, na kuweka mashahidi, liwe dogo au kubwa. Ikiwa deni la mchele linataka mwandishi na mashahidi, basi roho ya mtu iliyo mkononi mwa mtu mwingine inataka nini?

Watetezi wa serikali watatuambia: "Magaidi wapo kweli, na dola ina wajibu wa kulinda watu." Tunakubali. Waliouawa Mpeketoni waliuawa kweli, na hatumkatazi askari kumkamata mwenye kosa. Lakini stakabadhi haimfungui mwenye kosa. Gunia likiwa na karatasi halitoki ghalani kwa sababu hiyo. Hujulikana tu kuwa limo. Mtu akiwa na hatia, karatasi haimpunguzii hatia hata chembe. Wa kuikhofu karatasi ile ni mmoja tu, naye ni yule aliyekusudia kumfanyia mahabusi jambo ambalo hataki liulizwe.

Wala hatudai jambo geni. Mikataba ya Geneva ya 1949, katika kifungu cha 3, inakataza hata ndani ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kumtesa aliyeshikwa, kumfanya rehani, na kumhukumu bila ya mahakama ya haki. Nayo inawafunga waasi kama inavyoifunga serikali. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha tarehe 9 Disemba 1998 Azimio la kuwalinda watetezi wa haki za binadamu, na mwezi wa Machi 2019 Baraza la Haki za Binadamu la Geneva likawataja kwa jina watetezi wa mazingira. Maneno yapo. Kinachokosekana ni mlango wa kuyapitisha.

Mlango mmoja tulikuwa nao karibu. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeketi Arusha, katika nchi yetu hii. Mwezi wa Novemba 2019 serikali ya Tanzania iliondoa tamko lililokuwa likimruhusu raia kwenda mwenyewe mbele ya mahakama hiyo. Mwenye nyumba amemkaribisha kadhi ukumbini, kisha akawaambia watoto wake wasithubutu kwenda kumshtakia!

Basi haya ndiyo tunayoyataka, na tunayaweka wazi ili asiseme mtu kwamba upinzani hujua kulalamika tu.

Kwanza, kila anayekamatwa, jamaa zake wapewe siku ile ile karatasi yenye jina lake, saa aliyokamatwa, kituo alichowekwa, na jina la mkubwa aliyempokea.

Pili, asivushwe bahari wala mpaka wa mkoa bila ya amri ya hakimu, na jamaa na wakili wajue kabla chombo hakijang'oa nanga.

Tatu, aonwe na daktari anapoingia na anapotoka, na daktari aandike alichokiona.

Nne, tamko la Arusha lirudishwe.

Tano, askari wa Tanzania walikwenda Kongo ya Mashariki katika kikosi cha Umoja wa Mataifa tangu mwaka 2013, na wako waliorudi katika majeneza. Taifa lililotoa damu lina haki ya kusema. Na iseme basi, kwa serikali ya Kongo na kwa M23 wanaoshika silaha dhidi yake, kwamba watu wa Msalaba Mwekundu waachiwe kuingia katika kila jela na kuandika jina la kila aliyemo.

Hayo ni ya serikali. Yetu sisi ni mazito zaidi, kwani hatuna wa kumsingizia. Chama chetu kina sauti kubwa akikamatwa mtu wetu, na kina usingizi mzito akikamatwa Mmasai wa Loliondo, au mvuvi wa Lamu, au mtu wa mrija kule Uganda. Tarehe 19 Mei 2025 Boniface Mwangi wa Kenya na Agather Atuhaire wa Uganda, waliokuja Dar es Salaam kwa ajili ya kesi ya Tundu Lissu, walikamatwa. Mmoja alikutwa Ukunda, mwingine Mutukula, wametupwa mipakani, na wote wawili wamesema waliteswa. Wao walivuka mpaka kuja kumtazama mtu wa nchi nyingine kizimbani. Na sisi tumevuka nini? Mkataba wa kutafuta mafuta katika bahari yetu ulitiwa sahihi mwezi wa Oktoba 2018. Siku mvuvi wa Nungwi au wa Mkokotoni atakapouliza swali la mvuvi wa Lamu, na akachukuliwa usiku, atataka wageni wamtaje. Kwa hoja gani, ikiwa yeye hakuwataja?

Msingoje simu zenu ziwaletee khabari. Uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025 uliwafundisha wote: intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa, na mtu wa Mwanakwerekwe hakujua limempata nini nduguye wa Dar es Salaam. Lakini karatasi hii mnayoisoma, iliyopigwa chapa kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, haizimwi na mtu. Itapita kwa vinyozi, itapita barazani, itapita ndani ya kapu la samaki.

Kwa hivyo tunaomba kila tawi, kuanzia wiki hii, liwe na daftari moja. Akikamatwa mtu katika mtaa, wa chama cho chote au asiye na chama, liandikwe jina lake, saa, mahali, rangi na namba ya gari kama imeonekana, na majina ya mashahidi wawili walioridhia kutajwa. Atakayetoka ndani aulizwe kabla hajalala: nani umemwacha? Majina yaletwe kwa katibu wa tawi, naye ayapeleke kwa wakili na kwetu, nasi tutayapiga chapa katika ukurasa huu huu kila toleo, na hatutayaondoa mpaka mwenye jina arudi kwao kwa miguu yake. Na ukurasa huo utaanza na majina ya waliokamatwa ng'ambo, wale ambao mama zao hawajui kwamba sisi tupo.